Nchelenge: Namna ya kumchagua msanifu majengo wa kituo cha picha za tiba

Mashine ya eksirei inaweza kufikishwa Nchelenge kwa lori na kufungwa kwa muda wa siku chache. Chumba kitakachoihifadhi hudumu kwa miongo kadhaa, na mara nyingi huhudumia mashine mbili au tatu zinazofuatana. Chumba hicho ndicho kinachoamua kama mashine itafanya kazi, kama wahudumu watakuwa salama, na kama mgonjwa aliyevuka ziwa atapigwa picha siku aliyofika. Makala haya yanaeleza jinsi kamati ya afya, hospitali au wafadhili wanavyoweza kumtambua msanifu majengo mwenye uzoefu wa kazi hiyo, na kwa nini apatikane kabla mkataba wa kununua mashine haujatiwa saini.

Mambo muhimu

- Kuta, milango na umeme wa chumba cha picha ni sehemu ya mashine yenyewe.
- Uzoefu hupimwa kwa vyumba vilivyojengwa na vinavyofanya kazi leo. Michoro mizuri na bei ndogo havitoshi.
- Nchini Zambia, msanifu lazima awe amesajiliwa, na matumizi ya mashine ya mionzi yanahitaji leseni.

Kwa nini suala hili linaugusa ufukwe wa Mweru

Wilaya ya Nchelenge iko katika mkoa wa Luapula, kwenye ufukwe wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya ziwa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye miji ya Kilwa na Pweto. Kisiwa cha Kilwa, chenye jina sawa na mji huo wa Kongo, kiko upande wa Zambia. Lugha kuu ya ufukwe ni Kibemba, lakini Kiswahili husikika miongoni mwa wafanyabiashara wa samaki wanaovuka ziwa na katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano kusini mashariki mwa nchi yao.

Hospitali kuu ya wilaya ni ile ya misheni ya St. Paul's, iliyoko Kashikishi. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Mansa, umbali wa zaidi ya kilomita 200, na Lusaka iko umbali wa takriban kilomita 1,000. Kwa mama mjamzito, mvuvi aliyevunjika mguu au mtu anayekohoa kwa wiki kadhaa, picha iliyopigwa karibu na nyumbani humwondolea nauli, siku za safari na gharama ya ndugu wa kumsindikiza.

Maamuzi kuhusu majengo nayo yamesogea karibu na wananchi. Mwaka 2022 serikali ya Zambia iliongeza Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo kutoka kwacha milioni 1.6 hadi kwacha milioni 25.7 kwa kila jimbo. Madarasa, zahanati na wodi za wazazi sasa hujadiliwa katika kamati za kata na za jimbo. Wanakamati waliozoea kujenga madarasa wanaweza kudhani kuwa chumba cha eksirei ni chumba kingine chenye mlango mzito tu. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi.

Ukuta unaokokotolewa

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwezi Novemba mwaka 1895. Haionekani, haina harufu, na haisimami kwa sababu tu imekutana na ukuta. Sehemu yake hupenya, na sehemu nyingine humgonga mgonjwa na kutawanyika pande zote za chumba. Kwa hiyo unene wa ukuta hauchaguliwi kwa mazoea. Hukokotolewa.

Viwango vya kimataifa vinavyofuatwa na nchi nyingi vinataka mwananchi wa kawaida asipate zaidi ya milisiverti 1 kwa mwaka kutokana na shughuli za namna hiyo. Kwa mfanyakazi wa mionzi, kiwango ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, ukipimwa katika kipindi cha miaka mitano. Ili kutimiza masharti hayo, mtaalamu huuliza mambo matatu makuu: picha ngapi zitapigwa kwa wiki, ukuta uko umbali gani kutoka kwenye mashine, na nani anakaa upande wa pili wa ukuta na kwa muda gani.

Swali la tatu ni la usanifu hasa. Ukuta unaopakana na bustani isiyopitwa na watu hauhitaji kinga sawa na ukuta unaopakana na meza ya karani anayekaa hapo saa nane kila siku. Umbali nao ni kinga: mtu akisogea mara mbili ya umbali wa awali, mionzi inayomfikia hupungua hadi takriban robo. Msanifu mzoefu hutumia maarifa hayo kabla ya kununua hata kilo moja ya risasi. Huweka ghala, korido au ukuta wa nje pale ambapo mionzi ni mingi, na kuitenga wodi ya wazazi na chumba hicho. Msanifu asiye mzoefu huchora vyumba kwanza, kisha huagiza risasi nyingi ili kurekebisha mpangilio mbaya.

Vifaa vya ujenzi vina siri zake pia. Kwa eksirei ya kawaida, kinga inayohitajika aghalabu hulingana na risasi yenye unene wa milimita 1 hadi 2. Zege zito au ukuta mnene wa matofali yaliyojaa unaweza kutosha bila risasi yoyote. Matofali ya saruji yenye matundu, yanayopendwa kwa wepesi na bei yake, hayana uzito huo. Nayo matofali ya kuchoma yanayotengenezwa vijijini hutofautiana tanuri kwa tanuri, kwa hiyo hayawezi kuingizwa katika hesabu kabla uzito wake haujapimwa.

Udhaifu mwingi hujificha katika sehemu ndogo: swichi iliyochimbiwa ukutani, bomba la kiyoyozi, pengo chini ya mlango, dirisha lililowekwa chini mno, au karatasi mbili za risasi zilizokutana bila kupishana. Lipu ikishapigwa, hakuna jicho linaloweza kuliona kosa hilo.

Kila mashine na chumba chake

Neno "kituo cha picha za tiba" hukusanya mashine zenye tabia tofauti sana. Mteja asiyezitofautisha hawezi kumpima msanifu.

Altrasaundi haitumii mionzi. Huhitaji chumba tulivu chenye mwanga unaoweza kupunguzwa, faragha, sehemu ya kunawia mikono na choo kilicho karibu, kwa kuwa baadhi ya vipimo hufanywa kibofu kikiwa kimejaa na vingine kikiwa tupu. Kwa wilaya yenye wajawazito wengi, hicho ndicho chumba kitakachotumika kuliko vyote, ilhali ndicho husahaulika na kubanwa pembeni.

Eksirei ya kawaida huhitaji chumba cha takriban mita za mraba 20 hadi 30, mlango unaopitisha kitanda cha magurudumu, na sehemu ya mwendesha mashine iliyokingwa, yenye kioo maalumu kinachomwezesha kumwona mgonjwa muda wote. Mashine ikielekezwa ukutani kwa ajili ya picha ya kifua, ukuta huo ndio unaopokea mwale wa moja kwa moja, na lazima ujulikane mapema.

Mashine ya CT hutoa mionzi mingi zaidi kwa kila mgonjwa, na mionzi hiyo hutawanyika pande zote, ikiwemo juu. Kwa sababu hiyo kinga yake huhitaji kupanda hadi darini, na dari yenyewe hukaguliwa. Sehemu kuu ya mashine huwa na uzito wa takriban tani 2. Sakafu, mlango na njia nzima kutoka langoni lazima vistahimili mzigo huo.

MRI haitumii mionzi ya eksirei, lakini ina sumaku yenye nguvu nyingi ambayo kwa kawaida haizimwi hata usiku. Mwaka 2001, katika jimbo la New York nchini Marekani, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni wa chuma kuingizwa chumbani na kuvutwa na sumaku hiyo akiwa ndani ya mashine. Tangu wakati huo wataalamu wamesisitiza mpangilio wa hatua nne za kuingilia, ili mtu asifike kwenye sumaku bila kupekuliwa. Mpangilio huo ni kazi ya msanifu. Kwa wilaya nyingi za vijijini MRI si hitaji la leo, na msanifu mwaminifu atamwambia hivyo mteja wake badala ya kumchorea ndoto.

Umeme, joto, maji na ardhi

Msanifu aliyefanikiwa Lusaka hana hakika ya kufanikiwa Nchelenge asipoyasoma mazingira ya ziwa.

La kwanza ni umeme. Eksirei hunyonya nguvu kubwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, mara nyingi kilowati 30 au zaidi. Nyaya zikiwa nyembamba au transfoma ikiwa mbali, umeme hushuka ghafla na picha huharibika hata kama taa za wodini zinawaka vizuri. Ukame wa msimu wa 2023 hadi 2024 ulipunguza maji ya bwawa la Kariba na kusababisha mgawo mkali wa umeme kote Zambia. Kwa hiyo mchoro unapaswa kuonyesha tangu mwanzo mahali pa jenereta, betri na paneli za sola, pamoja na njia za nyaya zake. Kuna mashine za eksirei zinazohifadhi nguvu katika betri na kuchaji polepole. Uamuzi wa kuzichagua hubadilisha chumba kizima, na ndiyo maana msanifu na mnunuzi wa mashine wanapaswa kukaa meza moja.

La pili ni joto na unyevu. Mvua za Luapula hunyesha kuanzia mwezi Novemba hadi Aprili, na hewa ya ziwa hubeba unyevu. Vifaa vya kielektroniki vya CT hutaka joto lisilobadilikabadilika na unyevu unaodhibitiwa. Kiyoyozi kimoja hakitoshi, kwa kuwa kikiharibika mashine husimama pamoja nacho. Kwa upande mwingine, ukumbi wa kusubiri haufai kufungwa na kupozwa. Wagonjwa wengi wa picha ya kifua huja kwa tuhuma za kifua kikuu, na hewa inayopita bila kizuizi huwalinda waliokaa jirani nao.

La tatu ni ardhi na maji. Ufukwe wa Mweru una maeneo tambarare ambayo maji ya ziwa na ya mvua huyafikia. Sakafu ya chumba cha picha, yenye mifereji ya nyaya chini yake, haiwezi kuwekwa mahali ambapo maji husimama. Hali kadhalika, eneo hili limo katika tawi la Bonde la Ufa. Tarehe 24 Februari 2017 tetemeko la ukubwa wa takriban 5.9 lilitokea katika eneo la Kaputa, wilaya iliyo kaskazini mashariki mwa Nchelenge. Kuta nzito zenye risasi na mashine zinazoning'inia darini huhitaji mhandisi wa miundo aliyeizingatia hatari hiyo.

La nne ni barabara. Njia fupi kutoka Ukanda wa Shaba kwenda Mansa hupita ndani ya ardhi ya Kongo, kisha huvuka mto Luapula kwa daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008. Njia inayobaki ndani ya Zambia huzunguka kupitia Serenje na Samfya. Risasi, vioo maalumu na mashine yenyewe vitapita mojawapo ya njia hizo. Ratiba isiyohesabu forodha na msimu wa mvua huacha ukuta wazi ukisubiri mlango ambao haujafika.

Uzoefu hupimwaje?

Takriban kila ofisi ya usanifu itasema imewahi kujenga hospitali. Dai hilo halitoshi. Wodi, maabara na chumba cha picha ni kazi tofauti. Kamati inapaswa kuuliza kuhusu vyumba vya picha peke yake: vingapi vimekamilika, vya mashine zipi, na vinatumika hadi leo?

Hatua yenye manufaa kuliko zote ni kukitembelea chumba kimoja kati ya hivyo siku ya kazi, na kuzungumza na mpiga picha pamoja na fundi wa vifaa tiba. Mkurugenzi aliyelifungua jengo ataueleza uzuri wake. Mpiga picha ataeleza kama kitanda hupinda kona bila kugonga ukuta, kama anamwona mgonjwa kupitia kioo, kama chumba huvuja wakati wa mvua, na kama mashine ya pili iliingia bila ukuta kubomolewa. Fundi naye ataonyesha kama anaweza kuzifikia nyaya na kuufungua mgongo wa mashine bila kuhamisha kabati.

Namna msanifu anavyojibu ni ushahidi mwingine. Akiulizwa unene wa risasi na kuutaja papo hapo bila kuuliza mashine gani, wagonjwa wangapi na nani yuko upande wa pili, hiyo ni dalili mbaya. Mzoefu huanza kwa kuuliza, kisha hutaja jina la mtaalamu wa fizikia ya tiba atakayekokotoa kinga na kutia saini hesabu hizo. Msanifu hafanyi kazi hiyo peke yake. Timu kamili ina mwanafizikia huyo, mhandisi wa umeme, mhandisi wa miundo, mhandisi wa mitambo ya kupozea hewa na mkadiriaji majenzi. Kamati ina haki ya kuona majina yao kwenye andiko la zabuni, na ya kukataa wasibadilishwe kimyakimya baada ya mkataba kutiwa saini.

Jambo jingine ni uhuru wake. Wauzaji wengi wa mashine hutoa michoro ya chumba bila malipo. Michoro hiyo ina thamani, kwa kuwa hueleza mahitaji ya mashine husika kwa usahihi. Hata hivyo humhudumia muuzaji: haijui ni wodi gani inapakana na chumba, wala mashine ipi itanunuliwa baada ya miaka kumi. Msanifu wa mteja huichukua michoro hiyo na kuipima kwa maslahi ya hospitali. Asiwe analipwa kamisheni na muuzaji, na tamko la kutokuwa na mgongano wa maslahi liandikwe katika mkataba.

Hatimaye kuna suala la umbali. Ofisi nyingi za wasanifu ziko Lusaka na katika miji ya Ukanda wa Shaba. Msanifu anayeishi mbali anaweza kufanya kazi nzuri, mradi mkataba utaje idadi ya safari zake na umweke msimamizi anayekaa kwenye eneo la ujenzi kila siku. Safari moja haina mbadala: ile ya kukagua na kupiga picha kinga ya mionzi kabla ya lipu kupigwa.

Sheria za Zambia zasemaje

Wasanifu majengo nchini Zambia husajiliwa na Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Zambia. Uthibitisho wa usajili wa mwaka husika unapaswa kuwa karatasi ya kwanza katika kila andiko la maombi. Wahandisi husajiliwa na taasisi yao, na wakandarasi huandikishwa na Baraza la Taifa la Ujenzi kwa madaraja.

Usalama wa mionzi husimamiwa na Mamlaka ya Kinga dhidi ya Mionzi, iliyoundwa kwa sheria namba 16 ya mwaka 2005. Mashine ya eksirei au CT haiwezi kutumika kihalali bila leseni ya mamlaka hiyo. Ni busara kuipelekea michoro na hesabu za kinga kabla ya msingi kuchimbwa, kwa sababu kusahihisha karatasi ni rahisi kuliko kubomoa zege. Vituo vya afya hupewa leseni na Baraza la Taaluma za Afya, na kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri. Fedha za umma zikitumika, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2020 huongoza zabuni.

Kwa wasomaji walio Tanzania, mambo hayo hushughulikiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Majina hubadilika kutoka nchi hadi nchi, lakini maswali mawili hubaki yaleyale: nani amemsajili msanifu, na nani atakipima chumba?

Zabuni, ada na hatua za kazi

Njia inayolinda ubora ni ya bahasha mbili. Ya kwanza ina sifa, timu na mbinu za kazi, nayo hufunguliwa na kupewa alama kwanza. Ya pili ina bei, na hufunguliwa kwa waliofikia kiwango tu. Kamati inayoanza na bei hujikuta imemchagua aliyeacha gharama za mwanafizikia au za safari za ukaguzi. Fedha iliyookolewa hapo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kufumua ukuta uliokamilika.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua: andiko la mahitaji, mchoro wa awali, mchoro wa kina, zabuni ya mkandarasi, usimamizi na makabidhiano. Ada ilipwe kulingana na hatua hizo. Andiko la mahitaji ndilo jukumu la mteja, na lieleze idadi ya wagonjwa wanaotarajiwa, aina za mashine, watumishi waliopo na mipango ya baadaye. Ikiwa wilaya haina daktari wa kusoma picha, chumba kihitaji intaneti ya uhakika ili picha zitumwe Mansa au Lusaka na majibu yarudi.

Mpangilio wa wakati ni muhimu pia. Msanifu aajiriwe kwanza. Kisha aina ya mashine ichaguliwe kwa ushauri wake na wa wataalamu wa picha. Baada ya hapo michoro ya kina ikamilishwe kwa vipimo vya muuzaji aliyeshinda. Mashine ikinunuliwa kwanza, kipindi cha udhamini kinaweza kuanza kuhesabiwa ikiwa bado ndani ya kreti, bohari, ikisubiri jengo.

Lugha na heshima ya mgonjwa

Onyo kuu katika chumba cha eksirei humhusu mwanamke mjamzito: amwarifu mhudumu kabla ya kupigwa picha. Onyo hilo likiandikwa kwa Kiingereza pekee, halimfikii mama wa Mantapala aliyesoma kwa Kifaransa na Kiswahili, wala bibi wa Kashikishi anayejua Kibemba. Mabango ya lugha tatu, pamoja na michoro inayoeleweka na asiyejua kusoma, ni sehemu ya usanifu. Nafasi yake hupangwa mapema, mahali ambapo jicho hutua kabla ya mlango.

Heshima nayo hujengwa kwa matofali. Chumba cha kubadilishia nguo kifunguke moja kwa moja kwenye chumba cha picha, ili mgonjwa asipite koridoni akiwa na shuka. Ukumbi uwe na nafasi ya ndugu waliosafiri naye. Chumba cha altrasaundi kiwe na kiti cha mkalimani, asije akasimama mlangoni na kuuacha wazi.

Mifano ya karibu

Afrika Mashariki ina majengo yanayothibitisha kwamba usanifu makini hauhitaji mji mkubwa. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011. Ilisanifiwa na MASS Design Group kwa ushirikiano na serikali na shirika la Partners In Health. Wodi zake zilipangwa ili hewa ipite na kupunguza maambukizi ya kifua kikuu, na mawe ya volkano ya eneo hilo yalitumika kujengea kuta. Huko Entebbe, Uganda, hospitali ya upasuaji wa watoto ya shirika la Emergency, iliyosanifiwa na ofisi ya Renzo Piano, ilifunguliwa mwaka 2021 ikiwa na kuta nene za udongo ulioshindiliwa na paa lenye paneli za sola.

Funzo lililo muhimu kwa Mweru ni la utaratibu. Vifaa vya mahali pale vilitumika baada ya kuchunguzwa na wataalamu, na wasanifu waliianza kazi kwa kuuliza ugonjwa, hali ya hewa na watu wa eneo. Udongo wa Luapula nao unaweza kujenga ukuta mzuri, mradi upimwe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

- Umekamilisha vyumba vingapi vya picha za tiba, na tunaweza kutembelea kipi?
- Nani atakokotoa kinga ya mionzi, na sifa zake ni zipi?
- Nani anakaa nyuma ya kila ukuta, juu na chini ya chumba?
- Umeme ukikatika, nini kitaendelea kufanya kazi na kwa muda gani?
- Mashine itaingia kwa njia ipi, na itakayofuata baada ya miaka kumi itaingiaje?
- Utafika hapa mara ngapi, na utakuwepo kabla ya lipu kupigwa?
- Je, una uhusiano wowote wa kifedha na muuzaji wa mashine?
- Tutakabidhiwa michoro ya jengo kama lilivyojengwa na ripoti ya upimaji wa mionzi?

Swali la mwisho hupuuzwa mara nyingi. Kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, mtaalamu huwasha mashine na kupima mionzi nyuma ya kila ukuta, mlango na kioo. Matokeo huandikwa na kuhifadhiwa hospitalini, pamoja na michoro inayoonyesha risasi ilipo. Fundi atakayetoboa ukuta kuweka rafu baada ya miaka mitano ataihitaji karatasi hiyo. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika chumba cha mionzi ufa hauonekani kwa macho, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya ada ya msanifu isilipwe kabla ripoti hiyo haijakabidhiwa.